Ukaguzi wa usalama kwenye Unix: auditd ya Linux, BSM ya FreeBSD au ile ya Solaris, ushike ipi?

Swali hili haliishi: "nataka nijue nani kafanya nini kwenye seva, niwashe nini?" Mtu akishasikia neno auditd (programu ya nyuma inayoandika logi ya ukaguzi) anadhani ni kitu kimoja kila mahali, kumbe kilicho kimoja ni jina tu. auditd ya Linux na auditd ya FreeBSD ni kama majirani walioitwa jina moja ila hawana undugu wowote, faili zao tofauti, amri tofauti, hata logi ya huyu ukimpa yule hawezi kuisoma. Halafu kuna Solaris, ambayo ndo mzee wa ukoo upande wa BSM (Basic Security Module, muundo wa ukaguzi ambao FreeBSD nayo inaufuata), na bado wapo watu wanaiendesha kazini kila siku.

Najua mara nyingi huchagui, mashine umekabidhiwa na unapambana nayo hivyo hivyo. Ila ukipata nafasi ya kuchagua, au una seva mchanganyiko na unataka kujua ipi itakusumbua wapi, endelea kusoma. Nitakaa sana kwenye Linux na FreeBSD maana ndo zenye mambo mengi, Solaris nitaipitia, zingine nitazigusa tu.

Tofauti ya kuishika kwanza kabla ya amri yoyote ni hii: Linux ukiipangia ukaguzi unaanza na kitu, yaani faili hii, folda hii, wito huu wa kerneli (ombi la programu kwa kiini cha mfumo). BSM unaanza na mtu, yaani yuza huyu afuatiliwe kwa makundi haya ya vitendo. Ukilielewa hilo mengine yote yanajipanga yenyewe, na usipolielewa utakuwa unaitukana FreeBSD kwa sababu haina amri ya kufuatilia faili moja, au unaitukana Linux kwa sababu kumfuatilia mtu mmoja kwa kila anachofanya kunakulazimu uandike sheria kama karatasi ya mtihani.

Zimetoka wapi

BSM ni kazi ya Sun, wenye Solaris enzi hizo, ilitengenezwa enzi ambazo serikali ya Marekani ilikuwa inapima mifumo kwa ile Orange Book ya 1985 (kitabu cha vigezo vya usalama wa kompyuta), na daraja la C2 lilidai mfumo uweze kumhesabia kila mtu matendo yake. Ndo maana BSM nzima imejengwa kumzunguka mtu. Baadaye Apple nao wakatengenezewa yao inayofuata muundo ule ule, kodi ikaachiwa wazi, mradi wa TrustedBSD ukaichukua ikawa OpenBSM, na FreeBSD ikaiingiza kuanzia toleo la 6.2. Linux ilipita njia yake kivyake, ukaguzi ukaingia kwenye kerneli za 2.6 bila kufuata muundo wa BSM kabisa.

Ila kuna wazo moja wote wanalo, na ni zuri mno: kitambulisho cha ukaguzi. Ukilogini unabandikwa namba, na namba hiyo haibanduki hata ukifanya sudo, hata ukipiga su ukawa root, hata ukizunguka mara tano. Linux wanaiita auid na anayeibandika ni pam_loginuid (moduli ya PAM, mfumo unaosimamia kulogini), kwenye BSM inakaa mwanzoni kabisa mwa mstari wa subject. Kwa hiyo ile hadithi ya "sijui, ni root ndo alifanya" inaisha hapo hapo.

Linux: nguvu nyingi, mitego mingi

Familia ya Red Hat huikuta imeshawekwa, Debian na ndugu zake unapiga `apt install auditd`. Hata bila kuandika sheria yoyote unaanza kupata rekodi za watu kulogini, sudo, na makelele ya SELinux (ulinzi wa ziada ndani ya kerneli) kama ipo, maana programu zenyewe ndo zinatuma. Sheria zako unaziweka kwenye `/etc/audit/rules.d/`, faili ikiishia na `.rules`, halafu `augenrules --load` inazikusanya zote na kuandika `/etc/audit/audit.rules`. Usihariri hiyo ya mwisho kwa mkono, itafutwa juu yako na utabaki unashangaa.

Mfano wa faili ninayoanza nayo:

```
-D
-b 8192
-f 1
-a always,exit -F arch=b64 -F path=/etc/passwd -F perm=wa -F key=vitambulisho
-a always,exit -F arch=b64 -F path=/etc/shadow -F perm=wa -F key=vitambulisho
-a always,exit -F arch=b64 -F path=/etc/ssh/sshd_config -F perm=wa -F key=ssh
-a always,exit -F arch=b64 -F dir=/etc/sudoers.d -F perm=wa -F key=sudo
-a always,exit -F arch=b64 -S execve -F auid>=1000 -F auid!=unset -F key=amri
-a always,exit -F arch=b32 -S execve -F auid>=1000 -F auid!=unset -F key=amri
```

`-D` inafuta zilizokuwepo, `-b` ni ukubwa wa bafa, `-f 1` maana yake kukitokea tatizo kerneli ilalamike tu isijiangushe (2 ndo inaangusha mashine kabisa). `perm=wa` ni kuandika au kubadili sifa za faili, na `key` ni lebo utakayoitumia kutafuta baadaye. Utaona kwa watu wengi bado wanaandika `-w /etc/passwd -p wa -k vitambulisho`, inafanya kazi, ila watengenezaji wenyewe sasa wanasema ni mtindo wa zamani na unapunguza kasi, zoea huu mrefu.

Ona mstari wa b32. Ukiandika b64 peke yake mtu akileta programu ya biti 32 anapita pembeni, hakuna anayemwona. Kwa execve (wito wa kuendesha programu) nimeweka zote mbili, na hata hizo za faili ukitaka kulala usingizi mzuri zirudie kwa b32.

Na `auid!=unset` hiyo si pambo. Mchakato ambao hakuna mtu aliyelogini kuuanzisha, kama deimoni za mfumo, auid yake ni 4294967295, yaani hakuna. Sasa namba hiyo ni kubwa kuliko 1000, kwa hiyo ukiandika `auid>=1000` peke yake umezikaribisha deimoni zote ndani na logi itakufurika.

Mtego wa kuchekesha zaidi uko kwenye terminali yenyewe. Ukijaribu sheria moja kwa moja na auditctl (amri ya kuipa kerneli sheria) ukaandika `-F auid>=1000` bila nukuu, sheli inaiona ile alama ya kubwa-kuliko inasema haa, huyu anataka kuandika kwenye faili, inakutengenezea faili linaloitwa `=1000` kwenye folda uliyopo na auditctl inapewa neno auid tupu. Nimekuta mafaili ya `=1000` kwenye seva za watu zaidi ya mara moja, na kila nikiyaona najua hapa kuna mtu alihangaika. Weka nukuu, `-F 'auid>=1000'`. Ndani ya faili ya sheria nukuu hazihitajiki kwa sababu sheli haihusiki.

Mpangilio wa sheria nao una maana, ya kwanza kulingana ndo inayoshinda. Ukitaka kunyamazisha kitu kwa `-a never,exit` kiwe juu, ukikiweka chini ni bure. Halafu ukinyamazisha fikiria mara mbili: watu wanaweka never kwa rsync kwa sababu bakapu ya usiku inapiga kelele, sawa, ila rsync hiyo hiyo ndo mtu anaweza kuitumia kuandika juu ya `/etc/shadow` na wewe umeshamfumbia macho.

Halafu kuna `-e 2`. Ukiweka mstari huu mwishoni mwa sheria, usanidi unafungwa, hata root hawezi kuongeza wala kufuta sheria mpaka mashine iwashwe upya. Ni kitu kitamu kwa usalama na FreeBSD haina kinacholingana nacho ndani ya ukaguzi wenyewe, pale mwenye root akipiga `audit -t` ameshazima. Ila `-e 2` inakung'ata na wewe. Niliwahi kuiweka kwenye seva ya mteja mmoja pamoja na sheria ya execve niliyosahau kuichuja kwa auid, na mashine ile ilikuwa na skripti za ufuatiliaji zinazozaa michakato midogo midogo kila sekunde. Difolti ya Linux ni faili 5 za megabaiti 8, jumla 40, na zikijaa ya zamani inafutwa. Siku tatu baadaye wakaniuliza nani aligusa konfigi fulani Jumatatu asubuhi, nikafungua logi, rekodi ya zamani kuliko zote ilikuwa ya dakika arobaini zilizopita. Na sheria siwezi kuifuta kwa sababu nimejifungia mwenyewe, kuriboti hawaruhusu mpaka usiku. Nilikaa nayo hivyo nikiitazama inajaza takataka mpaka saa nane.

Tangu siku hiyo `-e 2` naiweka baada ya wiki nzima ya kuangalia, na `/etc/audit/auditd.conf` ndo ninaigusa kabla ya sheria yoyote: `max_log_file`, `num_logs`, na `space_left_action` ili nipate taarifa diski ikikaribia kujaa badala ya kukuta imeshasimama.

Kusoma logi, raha iko kwenye `ausearch -k ssh -i --start today`. Hiyo `-i` inageuza namba kuwa majina. `aureport -x --summary` inakupa programu zilizotajwa zaidi, `aureport --login --failed` wale waliobisha hodi wakakataliwa. Ukiiweka ausearch kwenye cron ongeza `--input-logs`, vinginevyo inaweza kukaa inasubiri data kutoka stdin isiyokuja na wewe utaambiwa hakuna matokeo.

Na ukifanya `systemctl restart auditd` kwenye familia ya Red Hat ukakataliwa usishtuke, ni makusudi, tumia `service auditd restart`.

FreeBSD: kimya, imenyooka, ila ina masharti yake

Kuwasha ni mistari miwili:

```
sysrc auditd_enable=YES
service auditd start
```

Kerneli ya GENERIC imeshabeba kila kitu. Mambo yote yako `/etc/security/`, na faili kuu ni `audit_control`:

```
dir:/var/audit
dist:off
flags:lo,aa
minfree:5
naflags:lo,aa
policy:cnt,argv
filesz:2M
expire-after:10M
```

Mistari minane na umemaliza, ndo maana naipenda. `lo` ni kulogini na kutoka, `aa` ni uthibitishaji. Mengine utakayoyatumia ni `ex` kwa programu zinazoendeshwa, `fw` kufungua faili kwa kuandika, `fc` kuunda, `fd` kufuta, `fm` kubadili sifa za faili, `ad` kazi za kiutawala, `pc` michakato. Ukitanguliza `+` unataka zilizofaulu tu, ukitanguliza `-` zilizoshindikana tu. Kwa mfano `-fr` inakupa watu waliojaribu kusoma faili wakagonga ukuta, na hiyo ni rekodi ndogo yenye thamani kubwa, kwenye Linux kuipata hiyo hiyo inabidi uandike sheria za openat (wito wa kufungua faili) na wenzake kwa EACCES na EPERM (makosa ya kunyimwa ruhusa), kila moja mara mbili kwa b64 na b32.

Halafu mtu mmoja mmoja unampangia kwenye `audit_user`:

```
root:lo,+ex:no
fundi:lo,ex,fw,fc,fd:no
```

Safu ya pili ni yale yanayokaguliwa daima, ya tatu yale yasiyokaguliwa kamwe. Umeona? Fundi huyu namfuatilia kwa kina, root kidogo, wengine wote wako kwenye difolti. Hapa BSM inaipiga Linux kwa usafi.

Sasa masharti. Makundi haya anabandikwa mtu wakati wa kulogini. Ukihariri `audit_user`, ukapiga `audit -s`, halafu ukajijaribu kwenye sesheni ile ile ya ssh uliyomo, hutaona kitu. Sio kwamba imeharibika, ni wewe bado umevaa nguo za jana. Toka, ingia upya. Nusu ya malalamiko ya "BSM haifanyi kazi" ninayoyasikia yanaishia hapa.

Sharti la pili ndo kubwa: huwezi kusema nifuatilie faili moja hii tu. Unakusanya kundi zima kisha unachuja wakati wa kusoma:

```
auditreduce -c fw,fc,fd -o file=/etc/master.passwd /var/audit/current | praudit -l
```

Na kwa nini nimeweka `fc,fd` na sio `fw` peke yake? Kwa sababu vipw (amri ya kuhariri akaunti) haiandiki ndani ya master.passwd, faili la paswedi za FreeBSD. Inahariri nakala ya muda, halafu nakala inabadilishwa jina na kukalia kiti cha ile ya zamani, na kubadili jina kwa BSM ni kuunda na kufuta, sio kuandika. Mtu aliyeweka `fw` tu atakuambia hakuna aliyegusa paswedi za mfumo na wakati zimebadilishwa mchana kweupe. Linux hapa ni nyepesi kwako, ile `perm=wa` kwenye path inalijua hilo na rename inanaswa bila wewe kuwaza.

Kitu kimoja Linux haina kwa urahisi huu ni `/dev/auditpipe`. Unapiga `praudit -l /dev/auditpipe` na matukio yanatiririka mbele yako papo hapo bila kugusa faili la logi. Na aliye kwenye kundi la audit anaweza kusoma logi za `/var/audit` bila kupewa root, nzuri kama mkaguzi ni mtu tofauti na msimamizi.

Difolti ya `expire-after:10M` ni ndogo hata kuliko ya Linux, kwa hiyo usinicheke kwa kisa changu cha juu, badilisha na yako. Inakubali hata umri, mfano `expire-after:60d AND 1G`, maana yake usifute mpaka vyote viwili vitimie. Hilo la umri Linux hufanyi ndani ya auditd.conf, lazima ujipangie mwenyewe na cron.

Tendo moja, macho mawili

Tuseme fundi kaingia, kawa root, kafungua sshd_config na kuibadilisha. Linux, bila `-i`, nimepunguza:

```
type=SYSCALL msg=audit(1718000000.123:4521): arch=c000003e syscall=257 success=yes ... auid=1001 uid=0 ... tty=pts0 ses=3 comm="vim" exe="/usr/bin/vim" key="ssh"
type=PROCTITLE msg=audit(1718000000.123:4521): proctitle=76696D002F6574632F7373682F737368645F636F6E666967
```

Kati ya hizo kuna CWD na PATH, zote zimefungwa pamoja na ile namba 4521. Kwa hiyo ukifanya grep ya jina la faili utapata mstari wa PATH usiosema nani, na ukifanya grep ya auid utapata mstari usiosema faili gani. Hiyo proctitle ni `vim /etc/ssh/sshd_config` kwa heksa, imewekwa hivyo kwa sababu kati ya maneno yake kuna herufi sifuri. auid=1001 ndo fundi wetu, uid=0 ndo joho la root alilovaa.

FreeBSD, tendo hilo hilo kupitia `ex`:

```
header,128,11,execve(2),0,Mon Jun 10 09:13:20 2024, + 412 msec
exec arg,vi,/etc/ssh/sshd_config
path,/usr/bin/vi
subject,fundi,root,wheel,root,wheel,2298,2210,50122,192.0.2.14
return,success,0
trailer,128
```

Inasomeka kama sentensi. Nani, kwa joho gani, kutoka anwani ipi, imefaulu au la, vyote kwenye rekodi moja. Kwenye Linux anwani aliyotoka inabidi uifuate kwa namba ya ses mpaka kwenye rekodi ya kulogini. Ila kumbuka hii ya `ex` inathibitisha alifungua vi na faili hiyo, haithibitishi alihifadhi, ushahidi wa kuandika unaupata kwenye rekodi ya `fw`. Na pande zote mbili kinachonaswa ni faili kufunguliwa kwa nia ya kuandika, alichoandika ndani hukipati kwenye logi hizi, usimuahidi bosi.

Faili la FreeBSD ni la binari, grep haifui dafu, lazima upite praudit, au `praudit -x` ukitaka XML ya kulishia mfumo mwingine. La Linux ni maandishi, mtu yeyote anasoma na kila mfumo wa kukusanya logi unaijua. Wengine wanadhani binari ni salama zaidi, hapana, mwenye root anafuta zote sawasawa.

Solaris kwa haraka

Solaris 10 ulikuwa unapiga bsmconv na kuriboti. Solaris 11 ukaguzi unakuja umeshawashwa na faili la audit_control limeondoka, kila kitu kinakaa kwenye SMF (msimamizi wa huduma wa Solaris) na unakigusa kwa amri:

```
auditconfig -getflags
auditconfig -setflags lo,ex
auditconfig -setpolicy +argv
usermod -K audit_flags=fw,fc,fd:no fundi
audit -s
```

Kuandika skripti ya hii ni raha kuliko kuhariri mafaili kwa sed. Kusoma ni auditreduce na praudit kama FreeBSD. Wanapoishinda FreeBSD ni kwenye kugawa madaraka: kuna profaili tofauti za Audit Configuration, Audit Control na Audit Review, kwa hiyo anayesanidi sio lazima awe anayesoma. Sheria ya kulogini upya iko pale pale.

AIX nao wana yao, `audit start` na `audit shutdown`, mafaili kwenye `/etc/security/audit/`, na wao wana faili la objects linalokuruhusu kutaja faili moja moja kama Linux huku ukipangia watu madarasa kama BSM, ni mchanganyiko mzuri kusema kweli. Kwa macOS usipoteze muda na mafunzo ya zamani ya OpenBSM, yaliwekwa kwenye orodha ya kuondoka tangu macOS 11 na kuzimwa kwenye 14, sasa ni Endpoint Security, na kwenye terminali unayo eslogger tangu 13.

| Kazi | Linux | FreeBSD | Solaris 11 |
|---|---|---|---|
| Hali ilivyo | `auditctl -s` | `service auditd status` | `auditconfig -getcond` |
| Pakia mabadiliko | `augenrules --load` | `audit -s` | `audit -s` |
| Anza faili jipya | `kill -USR1` kwa auditd | `audit -n` | `audit -n` |
| Soma | `ausearch`, `aureport` | `auditreduce`, `praudit` | `auditreduce`, `praudit` |
| Funga usanidi | `-e 2` | hakuna | hakuna |

Kutuma logi nje

Logi ikibaki kwenye mashine iliyovamiwa ni kama kumwachia mwizi daftari la walinzi. FreeBSD wana auditdistd, inatumia TLS, unaweka `dist:on` na `auditdistd_enable=YES`, na ikikatika mtandao inaendelea ilipoishia. Imetulia sana. Linux wana audisp-remote, ila ukitaka isimbe njiani inakutaka uwe na Kerberos (mfumo wa uthibitishaji wa mtandao), kwa hiyo watu wengi, mimi nikiwemo, wanawasha plagini ya syslog kwenye `/etc/audit/plugins.d/` na kuiachia rsyslog ibebe kwa TLS. Inafanya kazi ila unakuwa umeongeza kiungo kingine cha kuharibika.

Sasa ushike ipi

Kama orodha ya matakwa uliyopewa inataja mafaili kwa majina, yaani fuatilia passwd, fuatilia sudoers, fuatilia folda ya programu fulani, nenda Linux bila kusitasita. Miongozo ya PCI DSS (usalama wa kadi za malipo) na STIG (ya wizara ya ulinzi ya Marekani) tayari ina sheria za mfano zinazokuja na kifurushi chenyewe, unachukua unapunguza. Vilevile kama logi zinakwenda kwenye mfumo mkubwa wa kukusanya, za Linux zitaeleweka haraka zaidi.

Kama shida yako ni watu, seva ya kurukia ambayo mafundi kumi wanapitia kwenda kwingine na unataka kila mmoja ajulikane alichoendesha, hapo ningeweka FreeBSD kesho asubuhi. `lo,aa,ex` na umemaliza, na mtu anayesoma rekodi haihitaji awe mtaalamu.

Una konteina nyingi? Jua kwamba ukaguzi wa Linux ni mmoja kwa mashine nzima, konteina haiwezi kuwa na auditd yake, kila kitu kinakwenda kwa mwenyeji na kujua tukio ni la konteina ipi ni kazi nyingine. Jela za FreeBSD rekodi inabeba jina la jela, na auditreduce ina `-z` ya kuchuja. Zoni za Solaris ni hivyo hivyo na unaweza hata kuipa kila zoni ukaguzi wake.

Solaris nisingeianza upya kwa sababu ya ukaguzi peke yake, ila kama unayo tayari usiogope, ndo rahisi kusanidi kuliko zote tatu.

Yoyote utakayoshika, kabla hujamwambia mtu "tayari", ijaribu kama mvamizi. Ingia upya kama yuza wa kawaida, panda root, piga `touch /etc/ssh/sshd_config`, halafu itafute: Linux kwa `ausearch -k ssh -i --start recent`, FreeBSD kwa auditreduce na jina la faili kama juu. Ukiona jina lako la kawaida na sio root peke yake, ukaguzi umeshika. Linux ukikuta auid imeandikwa unset, pam_loginuid haipo kwenye njia uliyoingilia, angalia faili za `/etc/pam.d/`. FreeBSD ukikuta hakuna kitu, au hukutoka kwenye sesheni ya zamani, au umesahau kwamba touch inabadili muda wa faili, na hiyo ni `fm`.